Vitamini C Haimngoji Mteja: Kwa Mnaouza Chakula cha Vifaranga wa Samaki Mtandaoni

Kama unauza chakula cha samaki kupitia status ya WhatsApp au ukurasa wa Facebook, uwe Tunduma, Vwawa, Mlowo, Ileje au kule Kamsamba, ujumbe kama huu utakufikia tu siku moja:

“Dada habari. Vifaranga wangu wa perege wamepinda mgongo, wengine wanakufa. Una vitamini?”

Wauzaji wengi hapo wanajibu chap: “Ninayo, elfu kadhaa, unatuma na ya kutolea.” Mzigo unapanda boda, hela inaingia, biashara imeisha. Wiki mbili baadaye mteja anarudi na picha ya samaki waliokufa, na safari hii haleti inboksi. Anaiweka kwenye lile grupu la wafugaji ambalo wateja wako wote wamo.

Leo tuliongelee hili kwa kirefu kidogo, maana vitamini za vifaranga wa samaki ni bidhaa nzuri yenye soko, lakini ina tabia moja ambayo sabuni, vitenge na vyombo havina: inakufa ikiwa ndani ya mfuko. Mfuko unabaki umejaa, uzito ni uleule, harufu ni ileile, lakini kile mteja alichokilipia hakipo tena. Ukilielewa hilo, utajua namna ya kununua, kufungasha, kuandika lebo na kujibu mteja.

KWA NINI KIFARANGA WA SAMAKI ANAHITAJI VITAMINI C

Kuku, mbuzi na ng'ombe wanajitengenezea vitamini C ndani ya miili yao. Binadamu hawezi. Samaki wengi wanaofugwa, perege na kambale wakiwemo, nao hawawezi. Wanaipata kwenye chakula au hawaipati kabisa.

Kwa binadamu, ukosefu wake ndio ule ugonjwa wa kiseyeye uliowamaliza mabaharia wa zamani: fizi zinavuja damu, vidonda havifungi. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Kiskoti, James Lind, aliwapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau, wakapata nafuu haraka kuliko wenzao waliopewa vitu vingine. Vitamini yenyewe ilikuja kutambuliwa miaka mingi baadaye, karne ya 20.

Kwa samaki kinachoharibika ni kilekile. Vitamini C inahitajika kutengeneza zile nyuzi zinazoshika mfupa, ngozi na mishipa ya damu. Kifaranga ndiye anayejenga mfupa kwa kasi kuliko samaki mkubwa, kwa hiyo yeye ndiye anayeumia kwanza. Dalili zake ni mgongo kupinda pembeni au kuvimba juu kama nundu, kifuniko cha mashavu kuwa kifupi au kujikunja, madoa ya damu kwenye ngozi na mapezi, vidonda visivyopona na ukuaji kudumaa. Kambale anaweza hata kupata ufa kwenye mfupa wa kichwa.

Sasa shika hili, maana ndipo uongo mwingi wa mtandaoni unapoanzia: mgongo ukishapinda, haunyooki. Vitamini utakayouza leo inawakinga wale ambao bado wako wima. Ukimwahidi mteja kwamba waliopinda watanyooka, umemdanganya, na atajua.

Tena si kila mgongo uliopinda ni vitamini. Inaweza kuwa ukoo, pale mzalishaji anapozalisha ndugu kwa ndugu miaka nenda rudi. Inaweza kuwa joto lisilofaa wakati mayai yanaanguliwa, au sumu ya shambani iliyoingia bwawani na mvua. Kwa hiyo uliza kabla hujauza. Maswali yapo chini.

INAKUFIA WAPI?

Fuata safari ya mfuko mmoja kutoka kiwandani mpaka kwenye bwawa la mteja wako. Vitamini C ina maadui watano: joto, hewa, mwanga, unyevu na muda. Safari hii inao wote.

Kwanza, kiwandani. Chakula kinapokandamizwa kuwa punje kinapita kwenye moto na mvuke, na sehemu ya vitamini inapotea palepale. Viwanda makini vinalijua hilo, ndiyo maana vinaweka nyingi kuliko anayohitaji samaki, au vinatumia aina iliyokingwa. Kwenye lebo ukiona imeandikwa “ascorbyl phosphate” au “ascorbyl monophosphate”, hiyo ndiyo iliyokingwa, inavumilia joto na muda vizuri zaidi. Ikiandikwa “ascorbic acid” peke yake, ni ile ya kawaida. Ile ya kawaida inaweza kupungua sana ndani ya wiki chache tu.

Pili, barabarani. Kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Mzigo unakaa chini ya turubai la lori au kwenye buti la basi, karibu na joto la injini. Ukiingia kwenye foleni ya malori ya mpakani wetu huu, unaongeza siku nyingine za jua.

Tatu, dukani au chumbani kwako. Kibanda cha bati saa nane mchana ni oveni. Mfuko uliowekwa sakafuni unavuta unyevu wa saruji. Na ule mfuko wa kilo 20 uliofunguliwa mdomo kwa ajili ya “kupima kilo kilo” unaingiza hewa mpya kila unapochota.

Nne, kwa mteja. Mtu mwenye vifaranga elfu moja ananunua kiroba kizima kwa sababu ni bei nafuu kwa kilo, kisha anakaa nacho miezi.

Tano, ndani ya maji yenyewe. Vitamini C na zile za kundi B zinayeyuka kwenye maji. Chakula cha vifaranga ni unga laini au chenga ndogo, na kitu kikiwa kidogo maji yanakipenya haraka. Chakula kisichogombewa ndani ya dakika chache kinaanza kuachia vitamini zake majini. Ndiyo maana vifaranga wanalishwa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na si bakuli zima asubuhi.

Umeona? Kati ya vituo vitano, cha tatu kiko mikononi mwako moja kwa moja, kule unakohifadhi na vile unavyofungasha. Cha nne unaweza kukibadilisha kwa kumwelekeza mteja. Hapo ndipo ilipo faida yako halali. Mteja anaweza kununua kiroba mwenyewe akitaka. Anakuja kwako kwa sababu unampa kiasi kidogo kilicho hai bado.

USIMUUZIE KILA MTU: MASWALI MANNE YA KUULIZA

1. “Maji ya bwawa lako yana rangi gani?”
Bwawa la udongo lenye maji ya kijani limejaa viumbe vidogo ambavyo ni chakula cha asili, na ndani yake zimo vitamini. Perege wachache kwenye bwawa la namna hiyo hawana shida kubwa ya vitamini hata wakilishwa pumba. Mwambie mteja azamishe mkono mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikianza kupotea machoni, chakula cha asili kipo. Lakini mwenye tangi la plastiki, simtanki lililokatwa au bwawa la turubai lenye maji meupe hana akiba hiyo. Samaki wake wanategemea chakula anachowapa kwa asilimia mia. Huyo ndiye mteja wako wa kweli wa chakula chenye vitamini kamili.

2. “Unawalisha nini sasa hivi?”
Huku kwetu mahindi yapo, kwa hiyo wengi wanachanganya wenyewe pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, soya na dagaa waliosagwa. Mchanganyiko huo unaweza kuwa na protini nzuri, lakini vitamini C ni kama haumo. Dagaa wakiwa wamechacha mafuta, hali inazidi kuwa mbaya, kwa sababu mafuta yaliyochacha yanamaliza vitamini E mwilini mwa samaki. Na wale wa kambale wanaolisha matumbo na samaki wabichi, baadhi ya samaki wa maji baridi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Wakipikwa kwanza, kimeng'enya hicho kinakufa.

3. “Walianza kufa lini, na saa ngapi?”
Hili swali linaokoa jina lako. Upungufu wa vitamini unakuja taratibu, kwa wiki. Kama samaki walikuwa wazima jana na leo asubuhi wameelea, au wanapumulia juu ya maji alfajiri, hiyo ni hewa au uchafu wa maji. Kama wamekufa siku mbili baada ya kusafirishwa, ni usumbufu wa safari na kubadilishiwa maji ghafla. Hapo usiuze vitamini. Mwambie apunguze chakula, abadilishe sehemu ya maji, na ampigie ofisa uvuvi. Utapoteza mauzo ya leo na utapata mteja wa miaka.

4. “Chakula unakihifadhi wapi, na umekaa nacho muda gani?”
Akikujibu “kipo jikoni, tangu mwezi wa pili”, huenda chakula chenyewe kilikuwa kizuri sana, ila kimekufa. Hahitaji dawa huyo, anahitaji chakula kipya cha kiasi kinachomtosha.

VITAMINI ZA KUKU ZA KUMWAGA BWAWANI

Hili limeenea na linahitaji kusemwa wazi. Kuna wauzaji wanachukua vitamini za unga za kuku, zile za kuyeyusha kwenye maji ya kunywa, wanawauzia wafugaji wa samaki wamwage bwawani.

Kuku anakunywa maji, kwa hiyo vitamini kwenye maji inamfikia. Samaki wa maji baridi hali yake ni tofauti. Mwili wake una chumvi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji yanamwingia yenyewe kupitia mashavu na ngozi, na kazi yake kubwa ni kuyatoa. Hanywi maji mengi. Ukimwaga pakiti nzima kwenye bwawa la lita elfu kumi, samaki anaambulia karibu na sifuri. Hela imeyeyuka. Vitamini lazima ipitie mdomoni, ndani ya chakula.

Na kuna hatari kubwa kuliko hasara. Baadhi ya pakiti za kuku zinazoitwa “vitamini” mtaani zimechanganywa na dawa ya kuua bakteria kama oksitetrasaiklini. Soma lebo nyuma yake, usisome picha ya mbele. Ukikuta jina la antibiotiki, hiyo ni dawa, na dawa ina taratibu zake na wataalamu wake. Kuitumia ovyo kwenye samaki kunawazoesha bakteria hiyo dawa, na mabaki yanaweza kumfikia mlaji wa mwisho, ambaye anaweza kuwa mtoto wako mwenyewe. Usiipige picha, usiiweke status.

HESABU YA KUFUNGASHA KIDOGO KIDOGO

Tuingie kwenye hela sasa.

Mteja ana vifaranga 1,000 wa gramu 1 kila mmoja. Jumla ni kilo 1 ya samaki. Kifaranga wa umri huo anakula takriban asilimia 10 ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 100 kwa wote. Kwa siku kumi ni kilo moja tu. Wakikua, kiwango kinaongezeka, lakini mwezi wa kwanza bado ni kilo chache. Ukimuuzia kiroba cha kilo 20, kabla hajafika nusu samaki wake wameshakua, wanahitaji punje kubwa zaidi, na vitamini ya kilichobaki imeshachoka. Kwa hiyo pakiti za kilo 1 au 2 ndizo zinazomfaa.

Chukua mfano huu, kisha weka namba zako mwenyewe:

Kiroba cha kilo 20: Sh 100,000
Nauli ya mzigo: Sh 10,000
Baada ya kumwagika na kupungua kwenye mzani, unapata pakiti 19 za kilo 1
Kifungashio na lebo, Sh 500 kwa kila pakiti: Sh 9,500
Jumla ya gharama: Sh 119,500

Gawanya kwa 19, kila pakiti imekugharimu kama Sh 6,290. Ukiuza Sh 7,500, pakiti zote 19 zinaleta Sh 142,500. Faida ni Sh 23,000.

Sasa tuseme pakiti 5 zimekaa mpaka muda wake ukapita, na wewe ni mwaminifu, hukuziuza. Umeuza 14 kwa Sh 105,000. Umekula hasara ya Sh 14,500.

Hiyo hasara ndiyo inayomshawishi mtu afute tarehe na kuuza hivyo hivyo. Dawa yake inaanzia kwenye manunuzi: usinunue kwa sababu jumla ni bei nafuu, nunua kwa kasi ya oda zako. Kama unauza pakiti 10 kwa mwezi, tafuta wauzaji wenzako wawili mgawane kiroba kimoja siku hiyohiyo kinapofika. Au chukua oda na malipo ya awali kwanza, ndipo uagize. Status moja tu: “Mzigo wa chakula cha vifaranga unaingia Alhamisi. Nachukua oda za kilo 1 na kilo 2 mpaka Jumanne.” Mzigo unafika na wenye mzigo wapo tayari.

Halafu angalia majira. Tunduma, Ileje na sehemu za Mbozi ziko juu, na baridi ya Juni na Julai huku tunaijua. Maji yakipoa chini ya nyuzi 20 hivi, perege anapunguza kula sana. Mteja aliyekuwa anamaliza pakiti kwa wiki atakaa nayo zaidi, kwa hiyo miezi hiyo punguza kuagiza. Kwa wateja wa bonde la Momba kuelekea Ziwa Rukwa mambo ni kinyume: samaki wanakula, lakini joto linaua vitamini ghalani haraka. Hao wapelekee kidogo na mara kwa mara.

KUHIFADHI NA KUFUNGASHA

✅ Weka chumba chenye kivuli na hewa, juu ya mbao au chaga, mbali na ukuta. Uwe mbali pia na mafuta ya taa, petroli na sumu za shambani.

✅ Kiroba kikifunguliwa, fungasha chote siku hiyohiyo. Usikiache mdomo wazi ukichota kila mteja anapokuja.

✅ Tumia kifungashio kisichopitisha mwanga wala unyevu, au ndoo ya rangi yenye mfuniko unaobana. Mfuko unaoonyesha ndani unapendeza kwenye picha, lakini unaruhusu mwanga. Rambo ndiyo usifikirie kabisa, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

✅ Toa hewa kabla ya kufunga.

✅ Uliotangulia kuingia ndio utangulie kutoka. Panga mpya nyuma, wa zamani mbele.

✅ Chakula chenye ukungu, mabonge au harufu ya mafuta kuchacha, kitupe. Usikianike juani na kukirudisha kwenye mauzo. Ukungu unaweza kuacha sumu ambayo jua haliiondoi, na jua lenyewe linamaliza vitamini iliyobaki.

Kwenye lebo yako ya pakiti, andika jina la chakula na kiwanda kama yalivyo kwenye kiroba, ukubwa wa punje, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kuisha, na mstari mmoja wa ziada ambao wengine hawauweki: “Kilifunguliwa na kufungashwa tarehe…”. Tarehe ya kiwanda inahesabia mfuko uliofungwa. Wewe ukishaufungua, saa inakimbia haraka zaidi. Ongeza na “Tumia ndani ya wiki nne baada ya kufungua, hifadhi penye kivuli.” Piga picha lebo ya kiroba chenyewe kabla hujakichana, uwe nayo kwenye simu. Mteja akiuliza, unatuma.

KWA WANAOCHANGANYA CHAKULA WENYEWE

Hapa kuna bidhaa nyingine ya kuuza: premiksi ya vitamini na madini ya samaki. Muulize anayekuletea kama ni ya samaki kweli, na iwe na kipimo kilichoandikwa. Unapoiuza, tuma na maelekezo haya. Yaandike mara moja, uyahifadhi, uwe unayabandika tu:

“1. Fuata kipimo cha kwenye lebo, pima kwa mzani. Usizidishe. Vitamini A na D zikizidi zinabaki mwilini na zinadhuru.
2. Kama unapika chakula, subiri kipoe kabisa ndipo uweke vitamini. Ukiiweka kwenye sufuria inachemka, umeipika.
3. Changanya premiksi na chakula kidogo kwanza, kama vikombe viwili, kisha ongeza kilichobaki taratibu ili isambae sawa.
4. Nyunyizia mafuta ya kupikia kidogo, kijiko kimoja hivi kwa kilo, ugeuze. Mafuta yanafanya vitamini ishike kwenye chakula na kuchelewa kuyeyuka majini.
5. Kaushia kivulini, siyo juani.
6. Changanya cha siku chache tu, kisha changanya kingine.
7. Lisha kidogo kidogo, mara nne au zaidi kwa siku. Wakiacha kugombania, acha.”

Maelekezo hayo hayakugharimu kitu, na ndiyo yatakayomfanya mteja aone matokeo. Premiksi nzuri ikipikwa kwenye ugali wa samaki, lawama inakuja kwako.

MAMBO YA MPAKANI NA VIBALI

Sisi tupo mlangoni. Nakonde ni kuvuka tu, na Zambia ina ufugaji mkubwa wa perege kwenye vizimba vya Ziwa Kariba, kwa hiyo vyakula vya samaki vya upande ule vinaonekana sana huku. Ukiagiza, pitisha mzigo kwa utaratibu kwenye kituo cha pamoja cha forodha, utunze karatasi. Mzigo wa panya una shida moja zaidi ya kukamatwa: hujui ulifichwa wapi, siku ngapi, kwenye joto gani. Kwa bidhaa inayokufa kwa joto, hiyo ni kununua usichokijua.

Vifaranga hai ndiyo usivushe kabisa bila kibali cha mamlaka za uvuvi. Samaki wageni wanabeba magonjwa, na wakiingia mtoni hawarudi. Mteja akitaka vifaranga bora, mwelekeze kwa ofisa uvuvi wa halmashauri. Serikali ina vituo vya ukuzaji viumbe maji, na cha upande wetu wa kusini ni Ruhila, Songea.

Kabla hujaanza kufungasha chakula upya kwa jina lako, pita pia ofisi ya mifugo na uvuvi ya halmashauri uulize unahitaji usajili gani. Ni siku moja ya kuzunguka ofisini. Ni nafuu kuliko kunyang'anywa mzigo.

MAJIBU MATATU YA KUBANDIKA INBOKSI

Mteja: “Vitamini itawanyoosha waliopinda?”
“Hapana mkubwa, waliopinda hawanyooki. Itasaidia wasiendelee kupinda wengine, kama tatizo ni vitamini. Nitumie picha ya maji na ya mfuko wa chakula unachotumia tuangalie kwanza.”

Mteja: “Mbona kwako kilo ni ghali, fulani anauza kiroba rahisi?”
“Ni kweli mama, kwa kilo kiroba ni rahisi. Wewe una vifaranga 500, kiroba utakaa nacho miezi na vitamini itakuwa imeisha. Kwangu unachukua kilo moja iliyofungashwa wiki hii, ikiisha unachukua nyingine. Ukifika samaki elfu kadhaa, nitakushauri mwenyewe uchukue kiroba.”

Mteja: “Samaki wanapumulia juu tangu alfajiri, nitumie vitamini haraka!”
“Kaka, hiyo ni hewa ya kwenye maji, vitamini haitasaidia leo. Acha kulisha, ingiza maji safi taratibu sasa hivi, halafu mpigie ofisa uvuvi. Tutaongea chakula wakishatulia.”

Hilo la mwisho linauma kidogo, maana umeikataa hela iliyokuwa inakuja yenyewe. Lakini mfugaji ambaye samaki wake walipona kwa ushauri wako wa bure hatakwenda kununua chakula kwa mtu mwingine, na atakutaja kwenye grupu bila wewe kumwomba.

LA KUFANYA WIKI HII

Toa mzigo wote uliopo ndani. Soma tarehe moja moja. Uliopita muda, weka pembeni na usiuuze. Unaokaribia, punguza bei na useme wazi kwenye tangazo kwamba unakaribia, ukiwalenga wenye samaki wengi watakaoumaliza ndani ya siku chache. Uliobaki, uhamishie kivulini na uandike tarehe za kufungua.

Unauza chakula cha samaki wapi, na wateja wako wanatumia matangi au mabwawa ya udongo? Andika kwenye komenti, wenzako wa Songwe waone wa kugawana nao kiroba. Na kama una rafiki anayeuza “vitamini za kumwaga bwawani”, mtumie hii kabla hajaweka status nyingine.